Mwalimu wa V

Mwalimu wetu wa jiografia alifundisha bahari kwa miaka zaidi ya thelathini bila kuona hata ziwa. Jambo hili Bunia nzima ililijua. Kutoka shuleni kwetu hadi Ziwa Albert ni safari ya asubuhi moja kwa pikipiki: unateremka mlima, unafika Kasenyi jua halijawa kali. Yeye hakuteremka. Na bado, ukiniuliza leo Bahari ya Pasifiki ina ukubwa gani, miguu yangu itajibu kabla ya mdomo, kwa sababu yeye hakuitia vichwani mwetu tu, aliitia miguuni.

Naandika habari zake mimi niliyemuuliza swali moja baya nilipokuwa na miaka kumi na minne, mbele ya darasa zima. Swali lile lilimharibia kazi. Ilinichukua miaka ishirini na miwili kumpelekea jibu, na katika miaka hiyo yote alikuwa ananingoja.

Nijitambulishe kwanza, ili msomaji ajue ni nani anayesema. Mimi ni mpima ardhi, géomètre mwenye diploma. Sikuwa na mjomba waziri. Niliosha sufuria Kampala, nilipakua malori Ulaya usiku na kusoma mchana, katika mji ulio mbali na bahari kiasi kwamba sikuiona hata mara moja. Diploma ninayo, imetiwa fremu, imetundikwa ukutani mwa ofisi yangu kwenye barabara kubwa ya Bunia. Majirani wakigombania mpaka wa viwanja vyao, wanasema, "Mwite yule wa diploma." Ninafika na vyombo vyangu, ninapima, ninapiga stempu, na ugomvi unakwisha. Nasema hivi bila haya kwa sababu ni kweli. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejitengeneza mwenyewe, na kwa muda mrefu niliamini kwamba neno "mwenyewe" halina tundu.

Sasa yeye.

Shule yetu haikuwa na ramani ya dunia. Ile iliyokuwapo ililiwa na mchwa kuanzia Siberia kuja chini. Basi Mwalimu alichukua uwanja wa shule wote akaufanya bahari. Mlingoti wa bendera ulikuwa Amerika. Vyoo vilikuwa Asia. Katikati ilikuwa Pasifiki, vumbi jekundu tupu, na ndani ya vumbi hilo alipanga mawe, kila jiwe kisiwa. Kila mwanafunzi alipewa jiwe lake kwa mwaka mzima. Jiwe ni lako: unalijua jina, unajua watu wake wanakula nini, wanaongea nini, mvua inanyesha lini. Mtu akilipiga teke wakati wa mpira, unalirudisha mahali pake kwa kuhesabu hatua.

Mimi nilipewa Tonga, jiwe dogo kama kiazi. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, aliyenitangulia madarasa mawili, alikuwa amepewa Nouvelle-Calédonie, jiwe refu lililolala kama mkate.

Siku ya kwanza Mwalimu alitusimamisha mlingotini.

"Tembeeni mpaka ku Asia. Kila mutu ahesabu hatua zake. Musiongee."

Tulitembea. Jua liliwaka. Ulipita jiwe, kisha hakuna kitu, kisha hakuna kitu, kisha jiwe. Msichana mmoja alisimama katikati akasema, "Mwalimu, ni mbali. Hawa watu wa mawe hawaogopi?"

Mwalimu alimtazama kwa furaha kubwa. "Umeona sasa," alisema. "Hiyo ndiyo jiografia. Wengine wote mutakwenda kuisoma mu kitabu."

Aliamini hatua kuliko namba yoyote. Kutoka kwake Nyakasanza hadi lango la shule alijua hatua ni ngapi wakati wa kiangazi na ngapi wakati wa mvua, kwa sababu wakati wa mvua aliruka madimbwi. Viatu vyake viling'aa katika mji ambao vumbi lake hata mbwa mweupe linamgeuza rangi. Alifika akiwa na kitambaa mfukoni, akavifuta langoni, akaingia. Chaki hakumwazima mtu. Aliikata vipande vidogo kama meno na kuvihesabu jioni. Lakini koti lake alilitoa kwa mlinzi wa shule siku moja ya baridi na hakulidai tena, na mlinzi alizeeka nalo.

Katika Kifaransa alikuwa mkali kuliko mwalimu wa Kifaransa. Herufi moja ikikosewa, alama moja inakwenda. Ulikuwa unaweza kujua milima yote ya dunia na ukapata sifuri kwa sababu ya aksenti. Alisahihisha kwa kalamu ya bic ya kijani, na hakuna aliyewahi kuona kosa likimpita. Sifa nazo hakuzijua. Ukifanya vizuri sana, alisema, "Si mubaya," na wewe ulirudi nyumbani ukikimbia.

Hivyo ndivyo tulivyofikia siku ya swali langu.

Alitusomea imla juu ya bahari. Alisema kwamba maji ya bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kwamba kwa Kifaransa jambo hilo linaitwa *la marée*. Sisi watoto wa Bunia hatukuwahi kusikia neno hilo. Neno tulilolijua ni *la mariée*, bibi-arusi, na midomoni mwetu maneno hayo mawili ni ndugu mapacha. Niliandika nilichosikia: bibi-arusi anapanda na kushuka mara mbili kwa siku.

Kesho yake alirudisha madaftari. La kwangu alilibakiza mkononi, akalisoma kwa sauti, polepole, bila kucheka. Darasa lilianguka. Rafiki yangu mmoja wa ukoo wa wafugaji alisimama kabisa.

"Mwalimu, kama bibi-arusi anatoka mara mbili kwa siku, basi yule bwana hakumaliza ng'ombe!"

Wakacheka mpaka madarasa ya jirani wakachungulia. Kwetu binti akirudi kwa wazazi wake mara kwa mara, kila mtu anajua mahari haijakamilika. Nilikuwa mtoto mwenye kiburi tangu wakati huo, sikuweza kuvumilia. Nikasimama.

"Na weye, Mwalimu, uliiona? Unatuambia maji inakwenda na inarudi. Hata ku lac, ku ziwa yetu hii, haujafika."

Kicheko kilikatika. Mtoto wa kwetu hamwambii mkubwa "weye uliiona" mbele ya watu. Nilingoja fimbo. Mwalimu aliweka daftari langu mezani, akavua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha viatu.

"Hapana," alisema. "Sijaiona. Na ku lac sijafika."

Akaenda ubaoni. Kando ya neno *marée* akaandika herufi moja ndogo: v.

"Hiyo ni *à vérifier*. Ni kusema, inangoja mutu aione. Na huyu ndiye atakayeiona." Alininyooshea chaki. "Hiyo v ni yake."

Ningetaka kusema mambo yaliishia pale. Hayakuishia. Mwalimu alirudi nyumbani, akafungua maandishi yake ya miaka yote, na kila kitu ambacho hakukiona kwa macho yake alikitilia v. Theluji, v. Jangwa, v. Volkano, v. Ziwa Albert, v. Aliponunua daftari kubwa lenye jalada gumu na kuviandika vyote humo, lilijaa kurasa na kurasa. Alifundisha vizuri kama zamani, lakini sasa alipofika mahali pa v alisema, "Hapa nawaambia nilichosoma." Walimu wenzake walimwita Mwalimu wa V. Mwaka uliofuata kiti cha msimamizi wa masomo kilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni chake. Mkuu wa shule akampa mwingine. Alisema mwalimu anayetilia shaka mafundisho yake mwenyewe hawezi kusimamia ya wenzake.

Mwalimu hakunilaumu. Alinisahihisha kama zamani, alama moja kwa kila herufi. Lakini mimi nilijua ile v ilitoka wapi.

Huyu mtu wa ukweli alidanganya mara moja tu nikimwona. Mkaguzi alikuja kutoka mbali, akafungua lile daftari, akauliza, "Hizi v zote ni nini?" Kabla Mwalimu hajajibu, mkaguzi akajijibu mwenyewe: "Ah, *vu*. Umeviona vyote. Vizuri sana." Sisi tuliokaa mbele tulijua kwamba maana ilikuwa kinyume kabisa. Mwalimu alitutazama, akatazama dari, akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Mkaguzi alipoondoka, Mwalimu alikaa kitini kama mtu aliyekimbia. "Musinifuate kwa hilo," alisema. Hatukumfuata.

Kisha ilikuja ile miaka mibaya. Watu walifika Bunia kutoka upande wa Fataki na vijiji vingine, na magodoro vichwani, na uwanja wa shule ukajaa mahema. Siku ya pili mawe yetu yote yalikuwa mafiga. Mama wanapika, unataka wapikie juu ya nini? Tulikimbia kumwambia Mwalimu kwamba bahari imekwisha. Alikuja na viatu vyake vya kung'aa, akazunguka moto kwa moto. Tulidhani atadai mawe. Alichuchumaa mbele ya mama mmoja aliyekuwa anakoroga uji.

"Mama, unajua unapikia wapi?"

"Naomba radhi, Mwalimu. Tutayarudisha."

"Hapana, kaa nayo. Hili ni Samoa. Hili ni Tahiti. Hili dogo ni Tonga, ni la huyu kijana. Ni mahali pa watu wazuri. Wao nao wanapikia ku mawe ya moto."

Mama yule alitazama sufuria yake. Alikuwa amepoteza vitu nisivyoweza kuviandika hapa. Akauliza, "Huko kuna vita?"

Mwalimu alifikiri. "Hiyo nayo ni v, mama," alisema. "Lakini nitaiuliza."

Kwa miezi kadhaa tulisikia mama wakielekezana kati ya mahema: mpelekee chumvi yule wa Samoa, kaazime moto kwa yule wa Fidji. Sijawahi kuona ramani iliyotumika namna ile, na mimi nimechora ramani nyingi.

Kuhusu ziwa, watu walisema anaogopa maji. Sokoni alikuwa na mama mmoja wa kumuuzia samaki, mwenyeji wa Mahagi-Port huko ziwani, mwenye sauti ya kuvuka soko. Mwalimu alinunua samaki mmoja na kuuliza maswali kumi. Leo mawimbi yalikuwaje? Upepo ulitoka upande gani? Maji yalikuwa na rangi gani asubuhi?

"Mwalimu, nunua samaki. Habari ya maji ni bure, lakini inanichelewesha."

"Kesho utaniangalilia kama povu iko mingi?"

"Panda pikipiki, uende uangalie mwenyewe. Utakufa na ile v yako."

Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, namaliza shule, na nilidhani nina haki. Alisema, "Nikiona ziwa, nitasema: basi, bahari ni hivi lakini kubwa. Nitaikata kidogo ili iingie mule. Sasa iko nzima." Akagusa kifua. Sijui kama ulikuwa ukweli au hofu iliyovaa tai. Labda vyote viwili.

Wanafunzi wake walitawanyika, na wale waliofika mbali walimwandikia. Mmoja aliona theluji Kanada. Mwalimu akafuta v na kuandika jina lake kando. Mwingine aliona jangwa. Dereva mmoja wa lori, aliyesoma kwetu, alirudi kutoka Mombasa akaenda moja kwa moja Nyakasanza kumwambia kwamba maji ya bahari kweli hushuka na kupanda, ameyaona. Mwalimu alimpa chai, akamshukuru, na hakufuta. "Hiyo iko na mwenyewe," alisema.

Yaya naye alimwandikia. Yaya alisomea uuguzi, akafanya kazi Ufaransa, na siku moja akaonyeshwa orodha ya mahali panapotafuta wauguzi. Majina yote yalikuwa mageni kwake isipokuwa moja: Nouvelle-Calédonie. Jiwe lake. Akatia sahihi. Huko akaolewa na mtu wa kabila la wenyeji, Mkanak anayefanya kazi bandarini Nouméa, na wamezaa watoto wawili. Tangu mwaka wa kwanza alimwandikia Mwalimu kwamba anaona maji yakitoka na kurudi kila siku mbele ya nyumba yake. Jibu lilikuja kwa bic ya kijani: "Asante, binti yangu. Sina shaka nawe. Lakini namngoja mdogo wako."

Kwa hiyo Yaya hakuniacha. Kila simu: "Mwalimu anakungoja." Nilipopata diploma: "Hongera. Mwalimu anakungoja." Hatimaye, kabla ya kurudi kukaa Bunia, nilinunua tiketi kwa fedha yangu nikaenda kwake.

Siku tuliyoshuka pwani tulikuwa sita: Yaya, mume wake, watoto wao, mama mkwe wake na mimi. Tulianza asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Pale Nouméa kuna soko ukingoni mwa maji, lenye mapaa ya buluu, na samaki wa rangi ambazo sikujua nyama inaweza kuwa nazo. Karibu nao, mama wameketi na magimbi yaleyale ya kwetu, na viazi vikuu, wamevipanga kwa mafungu kama Bunia. Nilitoa simu.

"Usipige picha ya magimbi," Yaya alisema. "Bunia wana magimbi. Piga ya samaki."

"Mwalimu atataka ya magimbi."

Alisogea pembeni nipige, kwa sababu ilikuwa kweli.

Tukatembea kando ya bahari mpaka mahali penye ngazi za saruji zinazoshuka majini. Maji yalikuwa yanagusa ngazi ya tatu kutoka juu. Nilitoa chaki mfukoni. Ndiyo, nilisafiri na chaki, mimi mwenye vyombo vya satelaiti. Nikachora mstari palepale maji yalipofika. Mbele yangu ilikuwa bahari ya kijani kibichi, imetulia kama sahani, na mbali sana, mahali miamba inapoizuia, mstari mweupe wa mawimbi uliokuwa unanguruma bila kukoma. Mwalimu alikuwa ametuambia: "Pasifiki ni jina ambalo mugeni aliipa siku moja nzuri. Musimwamini sana." Ukimya ulikuwa huku, ngurumo kule. Vyote viwili alivisema.

Tulikula, watoto wakacheza, na bahari ikaanza kuondoka. Sikuiona ikianza. Niliona tu kwamba ngazi ya nne imebaki kavu, kisha ya tano, kisha mchanga, kisha majani, kisha mawe yenye uhai, na vidimbwi vyenye samaki wadogo waliosahauliwa. Shemeji yangu alikuwa anasimulia habari za meli, mimi sikusikia tena. Ardhi ilikuwa inatoka chini ya maji kama uwanja wa shule unavyotoka chini ya ukungu. Kazi yangu ni ardhi. Nimepima mashamba, migodi upande wa Nizi, viwanja vya watu wenye bunduki. Sijawahi kuona ardhi inayokuja na kuondoka.

Nilivua viatu, viatu vya bei, nikaviacha ngazini. Nikasimama kwenye mstari wa chaki na kuanza kutembea nikihesabu. Mawe yalinichoma nyayo. Kila nilipokanyaga, asubuhi ile maji yangenifika kiunoni. Nilifika ukingo wa maji kwenye hatua ya mia moja arobaini na mbili, nikasimama pale peke yangu, na nikaona aibu ya miaka ishirini na miwili ikinipanda shingoni. Yule mzee alijua. Katika darasa lisilo na ramani, katika mji usio na bahari, alijua hili jambo lote, na mimi nilimwambia hajafika hata ziwani.

Niliporudi, mama mkwe wa Yaya alikuwa ananitazama. Ni mama mnene, mtulivu, mwenye gauni la maua. Alisema Kifaransa cha polepole.

"Ulikuwa unapima nini?"

"Mahali maji yalipofika, mama."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimekuja mwenyewe, kwa tiketi yangu."

Alingoja, kama mtu anayengoja maji yachemke. "Mtu hafiki pwani ya wengine hivihivi," alisema. "Yuko aliyemtuma. Nani alikutuma?"

Yaya alikuwa anatazama miguu yake. Akasema kwa Kiswahili, "Jibu mama."

"Mwalimu wangu," nilisema.

Mama yule alitikisa kichwa, kana kwamba sasa tumesalimiana.

Tukakaa. Jua lilianza kuelekea upande wa bahari na maji yakarudi. Hayakurudi kwa kishindo. Yalijaza shimo moja, kisha la pili, yakazunguka jiwe, yakalifunika, kama mama anayeingia chumba alicholala mtoto. Samaki wa vidimbwini wakapata njia. Ngazi ya tano. Ya nne. Yalipofika kwenye mstari wangu yaliulamba kidogo, na chaki ikapotea. Watoto walinivuta mkono mjomba wao, wakisema, "Tonton, twende." Niliendelea kutazama ngazi ya tatu.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alinipa kitambaa kipya cha maua, kimekunjwa vizuri. "Si chako," alisema. "Ni cha aliyekutuma."

Mngedhani nilienda Nyakasanza siku niliyotua. Nilikaa Bunia miezi mitatu. Nilifungua ofisi, nilitundika diploma, nilipokea pongezi. Yaya alipiga simu: "Ulienda?" Nikasema kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa ataniuliza kitu kimoja tu, na si bahari. Kisha nikasikia sokoni, kwa yule mama wa samaki, ambaye sasa ni bibi na sauti haijapungua: "Mwalimu wako hatembei tena. Namtumia samaki na mutu, na habari ya maji nayo. Weye unangoja nini?"

Nilikwenda alasiri ileile. Mke wake alinifungulia. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa viatu vilivyong'aa, ingawa miguu ndani yake ilikuwa imekwisha. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Tonga," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kutoka kitanda mpaka hapa ni hatua tisa. Zamani ilikuwa tano. Nyumba inakua." Akaonyesha stuli. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Nilitia chaki palipofika maji asubuhi. Yaliposhuka, nilitembea."

"Hatua ngapi?"

"Mia moja arobaini na mbili."

"Na viatu ao pekupeku?"

"Pekupeku."

"Basi zilikuwa fupi. Mawe iliuma."

"Iliuma sana, Mwalimu."

Alifumba macho. Niliona midomo yake ikitembea, na nikajua anahesabu: kutoka mlingotini, kupita Samoa, kuelekea vyooni. Aliichukua safari yote. Mke wake alisimama mlangoni na kikombe mkononi, hakuingia.

Alipofumbua macho aliuliza kwa sauti ndogo, "Na alirudi?"

Hakusema "yalirudi", wala "ilirudi" kama tunavyosema Bunia juu ya maji. Alisema "alirudi", kama mtu anavyouliza habari za mtu.

"Alirudi, Mwalimu. Alirudi jioni. Alikuja mpaka kwenye mstari wangu, akaufuta."

"Ah," alisema. Akageuza uso dirishani, na mimi nikatazama sakafu.

Kisha nikasema nililoogopa kusema. "Mwalimu, ile siku. Walikunyima kiti kwa sababu ya mdomo wangu."

"Kiti," alisema. "Iko na hatua ngapi, kiti?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Ile siku uliniuliza swali ya kweli. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na moja, hakuna mutu aliniuliza. Mama, leta daftari."

Nilimpa kwanza kitambaa, nikimweleza kilikotoka na yale aliyoniuliza yule mama, na jibu nililompa. Aliyagusa maua yake moja moja, akakitandika magotini. Hakusema asante. Aliuliza, "Ulimwambia hivyo? Kwamba ni mimi?"

"Nilimwambia."

"Si mubaya," alisema.

Daftari lilikuja, jalada limeliwa pembeni. Kurasa zilikuwa na v nyingi zilizofutwa na majina kando yake, na nyingi zaidi zilizobaki. Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa. *Marée*, v. Akanipa bic ya kijani, ambayo sikuwahi kuona mkononi mwa mtu mwingine.

"Andika weye. Mimi sikuiona."

Kwa mazoea ya kazi nilitia mkono mfukoni na kutoa stempu yangu. Aliitazama.

"Hiyo nayo iliona bahari?"

Niliirudisha mfukoni. Nilifuta v, nikaandika jina langu, bila cheo, bila diploma. Chini yake nikaandika kwa Kifaransa kwamba nimemwona akiondoka, hatua mia moja arobaini na mbili, na kwamba amerudi. Sikusoma tena nilichoandika. Nikampa.

Alivaa miwani. Alisoma kama alivyosoma daftari langu mbele ya darasa, polepole, bila kucheka. Akainyoosha bic, ikasimama juu ya neno moja. Niliinama kuona. Nilikuwa nimeandika tena *la mariée*, bibi-arusi.

Bic ilikaa pale hewani. Miaka yote ile hakuna herufi iliyompita.

"Dix-neuf," alisema, kumi na tisa kwa ishirini, akafunga bic. "Ile *i* inakula moja. Lakini usiifute."